Farasi Ambaye Attracta Alimkataa

Siku za mbio pale Kilmoran, Attracta Hession alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza aliimaliza nyumbani kabla ya siku yenyewe: kuwaandikia wasomaji wa gazeti la wilaya farasi gani ana miguu ya kushinda na yupi wa kuachana naye. Ya pili aliifanya palepale, akisimama na kipaza sauti katikati ya duara ambamo farasi huzungushwa kabla ya kukimbia, akiwatazama wanavyotembea na kuwaambia watu alichokiona. Watu wa kaunti za Galway na Mayo walikuwa wamemzoea. Akikosea walimtania wiki nzima, akipatia walimnunulia chai.

Agosti ile mvua ilianza asubuhi, mvua nyembamba isiyo na haraka, na wenye farasi wakawafunika wanyama wao kwa mablanketi toka shingoni hadi mkiani. Attracta hakuijali mvua. Kilichomkosesha raha ni mbio za nne, kwa sababu humo alikuwemo Glendarra, farasi jike wa kahawia mwenye alama nyeupe pajini, mali ya shemeji yake Malachy Devane, na gazetini Attracta alikuwa amemtaja huyo kuwa ndiye chaguo lake la siku.

Glendarra alizaliwa mikononi mwa Dympna, dada yake Attracta, aliyekuwa mke wa Malachy. Mama wa yule mtoto alimkataa, Dympna akamlea kwa chupa jikoni, akampa jina la bonde walilochezea utotoni. Kisha Dympna aliugua, akafa, na tangu mazishi Attracta hakukanyaga tena nyumbani kwa Malachy. Hapakuwa na ugomvi. Alishindwa tu. Kila alipofika njia panda ya kwenda kule, alijikuta amekata kona upande wa pili. Malachy hakumwita, naye hakujipeleka, hata wakawa wanasalimiana viwanjani kama watu waliowahi kusoma shule moja. Habari za Glendarra alizipata kwenye matokeo ya mbio, kama msomaji mwingine yeyote.

Mbio tatu za kwanza zilimwendea vizuri. Farasi wawili aliowataja walishinda, na Festy Lavelle, mpokea dau mnene aliyesimama chini ya mwavuli wake mwekundu, alimwita alipokuwa akipita.

"Dada, leo umeamua watoto wangu walale njaa?"

"Wewe ndiye unayekula chakula chao, Festy. Kitambi hicho hakikuja kwa upepo."

Waliokuwa wamepanga foleni walicheka, na Attracta akaingia duarani kwa ajili ya mbio za nne akiwa bado anatabasamu.

Tabasamu halikudumu. Farasi wa tatu kuingia alikuwa jike wa rangi ya kahawia, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, amefunikwa blanketi la kijani kibichi, rangi wanayovaa farasi wa Malachy. Aliyemshika alikuwa msichana aliyejifunika koti la mvua hadi machoni. Yule farasi alikuwa anatupa kichwa huku na huku, akimburuta msichana, na katikati ya miguu yake ya nyuma povu jeupe la jasho lilikuwa limejaa kama sabuni. Siku ya baridi namna ile, kabla hata hajakimbia.

Attracta alimwangalia mzunguko mzima, kisha mwingine. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna ambaye angemlaumu mtu kwa kumsitiri farasi wa marehemu dada yake. Lakini kulikuwa na watu pale kwenye kamba, wazee wenye makofia yaliyolowa, ambao wangeweka dau kwa sababu yeye tu alikuwa ameandika. Akainua kipaza sauti.

"Gazetini mmesoma kwamba chaguo langu la siku ni Glendarra. Nalifuta hilo neno. Mnamwona wenyewe, ametota jasho. Huyu leo si mzima. Angekuwa wangu, ningemrudisha nyumbani."

Watu waligeuka kama kundi la kondoo na kukimbilia kwa wapokea dau. Wakati huo Malachy alikuwa ameingia duarani kumfuata mpanda farasi wake. Alisikia jina la Glendarra na yale maneno ya mwisho. Alikuja mpaka pale Attracta aliposimama, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Shemeji, umeona nini kwake?"

"Nimeona nilichosema."

"Daktari amempima asubuhi, hana neno."

"Basi daktari ameona lake, mimi nimeona langu."

"Ungeniambia mimi kwanza," Malachy alisema, kisha akamshika bega mpanda wake na kuondoka naye.

Mbio zilipoanza, Attracta alipanda ngazi za jukwaa bila kujua anataka kuona nini. Mzunguko wa kwanza Glendarra alikaa katikati ya kundi. Mzunguko wa pili, walipofika kiunzi cha mwisho, aliruka kama anayeruka kizingiti cha mlango, akawaacha wenzake wote, na kilima kile kinachowamaliza farasi wengi yeye alikipanda masikio yamesimama. Alipita nguzo ya mwisho peke yake.

Kejeli zilianza hapohapo. Mmoja alimshauri Attracta akapime macho, mwingine akauliza kwa sauti kama farasi wa Malachy angeshinda kwa umbali gani iwapo angekuwa mzima. Attracta hakuumia hata kidogo. Alijikuta anacheka na machozi yanamtoka, kwa sababu mtoto wa Dympna alikuwa ameshinda. Alishuka ngazi mbiombio akitaka kumkumbatia shemeji yake na kumwomba radhi mbele za watu.

Malachy mwenyewe alikuwa anamleta Glendarra kwenye njia ya washindi, mkono wake shingoni mwa mnyama, watu wakipiga makofi pande zote mbili. Walikuwa hatua chache kutoka langoni. Glendarra alisimama. Alitikisika kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Magoti ya mbele yakakunjika, mpanda akaruka pembeni, na farasi mzima akalala ubavu kwa kishindo kilichosikika hadi jukwaani. Miguu ilijinyoosha mara moja. Haikusogea tena.

Makofi yalikatika. Mahali penye maelfu ya watu pakawa kimya hata mvua ikasikika juu ya mabati. Daktari wa mifugo alikuja akikimbia, akapiga magoti, akasikiliza, akamtazama Malachy, akatikisa kichwa. Watu wa uwanja walileta pazia na kumzungushia farasi.

Attracta alikuwa amesimama mkono mdomoni. Nyuma yake mzee mmoja alivua kofia, na si kwa ajili ya farasi. "Alijua," yule mzee alimwambia mwenzake. Neno lile lilisambaa. Wale waliokuwa wakimkejeli muda mfupi uliopita walimpisha njia kama wanavyompisha padri, na mwanamke mmoja aligusa hata mkono wa koti lake. Attracta alipita katikati yao. Naye aliamini. Alidhani kweli ameona kifo.

Ndani ya pazia Malachy alikuwa ameketi kwenye matope, kichwa cha farasi kwenye mapaja yake.

"Uliniambia," alisema bila kuinua macho. "Uliniambia mbele ya watu wote, nami nikaona unanionea. Nimemuua farasi wa Dympna, shemeji."

Malachy aliendelea kwa sauti ileile tambarare: Jumatatu angerudisha Dublin leseni yake ya kufunza farasi. Mtu asiyeona anachokiona mwenzake kutoka mbali hana haki ya kufuga kuku, sembuse farasi.

Attracta alitoka kutafuta hewa. Alizunguka nyuma ya majengo, mahali ambapo farasi huogeshwa baada ya kukimbia, na hapo akaganda. Msichana mwenye koti la mvua alikuwa anammwagia maji farasi jike wa kahawia mwenye alama nyeupe pajini. Farasi alikuwa anatupa kichwa huku na huku. Blanketi la kijani lilikuwa limetundikwa ukutani.

"Huyu ni nani?" Attracta aliuliza.

"Tullamoy, mama, wa bosi wangu. Naye rangi yake ni kijani. Amekuwa wa mwisho, kama kawaida yake. Akisikia watu wengi anatoka jasho mpaka basi."

"Ulimzungusha duarani, mbio za nne?"

"Ndiyo, mama. Nilikuona unavyomkodolea macho. Nikajua leo atasifiwa."

"Na Glendarra?"

"Yule hakuingia kabisa. Waliomba ruhusa apitishwe nyuma, maana naye ni mwoga wa kelele. Hawakukuambia?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Attracta alikalia ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa ameona kifo. Hakuwa ameona chochote. Alikuwa amemhukumu farasi mmoja kwa jasho la mwingine, na yule mwingine alikuwa mbele yake sasa hivi, mzima, anatafuta nyasi. Hapo ndipo alipomfikia kijana wa redio, anahema, akimwomba mahojiano: nchi nzima inataka kumsikia mama aliyeona. Attracta alimtazama kama anayesemeshwa lugha asiyoijua. Angeweza kukubali. Yule msichana mwenyewe hakuwa ameunganisha mambo. Alimwambia kijana asubiri, akarudi kwa Malachy.

Alimweleza yote amesimama, bila kupamba. Alitarajia kuona mzigo ukimshuka shemeji yake mabegani. Daktari, aliyekuwa akifunga mkoba wake, alidakia kwamba mshipa mkubwa karibu na moyo ulikuwa umepasuka, kwamba kitu kama hicho hakionekani kwa jicho la mtu yeyote, na kwamba Malachy hana kosa. Malachy alisikiliza. Kisha akainua uso, na Attracta akatamani asingeuinua.

"Kwa hiyo hukumjua," alisema.

"Malachy..."

"Alikunywa maziwa jikoni kwetu, wewe umeshika chupa. Hukumjua. Nami nilidhani ulimwona kule nyuma alikopitishwa. Umemwangalia farasi wa watu ukadhani ndiye."

Hasira hazikuwemo katika sauti ile, mshangao tu, na Attracta aliona afadhali zingekuwemo. Alisema ndiyo, hakumjua. Alisema miaka miwili alikuwa anaipita njia panda kwa sababu hakuweza kuliona lile jiko bila Dympna. Malachy alijibu kwamba hata yeye hakuweza, ila yeye analala mle ndani.

Kabla ya mbio za tano Attracta aliingia duarani. Watu walikuwa wamejaa kwenye kamba kuliko wakati wowote, wakingoja amwage utabiri mwingine. Aliwaambia kwamba farasi aliyemsema mgonjwa hakuwa Glendarra bali Tullamoy, kwamba alikosea farasi, kwamba Malachy Devane alimleta mnyama mzima na kumtunza kama inavyopasa. Aliwataka radhi waliopoteza dau kwa ajili yake. Hakuna aliyezomea. Walimtazama kwa uso wa watu waliopigwa kofi mara ya pili siku moja, na mzee aliyekuwa amevua kofia aliivaa tena. Attracta alimkabidhi msimamizi wa uwanja kipaza sauti, akatoka.

Malachy alikuwa anafunga mlango wa nyuma wa lori lake, na ndani hamkuwa na kitu. Attracta alimwuliza kama angeweza kwenda naye. Malachy alikaza komeo la lori, akafungua mlango wa mbele.

"Panda," alisema.

Kwenye njia panda lori lilikata kona ya kwenda nyumbani kwa Dympna, na Attracta alishika kingo za kiti kwa mikono miwili. Walipofika bado kulikuwa na mwanga, na farasi walikuwa wametoa vichwa nje ya mabanda, wananung'unikia chakula. Malachy alimpa ndoo ya shayiri.

Kwenye kila banda Attracta alisimama, akamtazama mnyama vizuri, akauliza jina lake. Malachy alimtajia, na kwa wengine aliongeza habari kidogo: huyu anauma, huyu hapendi mvua. Walipofika kwenye banda tupu Malachy alipita bila kusimama. Attracta alisimama. Majani makavu yalikuwa yametandikwa vizuri, tayari kwa usiku. Alikaa hapo mpaka farasi wa banda la pili akagonga mlango kwa kwato, kisha akainua ndoo, akamfuata shemeji yake, akauliza na huyu anaitwa nani.