Bwana Harusi wa Kwenye Friji

Mtunza mimea alipofungua friji ya nyumbani, roho ilimruka. Tupu! Imefutwa ikang'aa, na kile kichupa hakipo.

Kichupa chenyewe kilikuwa na chavua, unga wa manjano wa mti dume, uliotumwa kutoka bustani ya ng'ambo. Mti jike ulikuwa kazini kwake, kwenye bustani ya mimea adimu, na miaka yote aliyoutunza ulikaa bila mume. Asubuhi hii koni yake, ambayo ndiyo ua lake, ilikuwa imefunguka. Ikijifunga, ni kusubiri miaka mingine. Friji ya kazini ilikuwa mbovu, ndiyo maana akakileta kichupa nyumbani, na wakati wa chakula akaeleza kilivyo cha thamani. Mumewe aliitikia huku anatafuna. Mama mkwe, ambaye kazi hiyo huiita "kumwagilia maua ya watu", hakuinua hata uso.

Na mama mkwe kwa usafi! Akishika kitambaa, hata wewe ukizubaa unapanguswa. Mtunza mimea alipompigia, simu yake ililia palepale mezani. Gari la taka lilikuwa limeshapita. Basi akakaa sakafuni akalia, kisha akanawa uso akarudi kazini kukiri kwa bosi.

Getini alikuta zogo.

"Hata jina la mti hulijui, utaingiaje?" mlinzi alikuwa akisema.

"We baba, ni ule mti unaotaka kuolewa! Kwani hapa inaolewa mingapi?"

Alikuwa mama mkwe, amekumbatia chupa ya chai.

"Mama!"

"Umeme umekatika. Vyakula nimepeleka kwa jirani, friji nikaifuta. Hiki ulisema kisipate joto, nikakitia humu na barafu. Kwa haraka hata simu nimeisahau."

Kichupa kilikuwa baridi, kimefungwa ndani ya mifuko miwili, unga mkavu kama ulivyokuja. Mtunza mimea alishusha pumzi, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Nilidhani hunisikilizi, mama."

"Mdomo wangu ndio mkali. Masikio hayana neno."

Ndani, bosi aliwazuia kwenye kamba iliyouzunguka mti. "Wageni mwisho hapa."

"Huyu si mgeni," alisema mtunza mimea, akipanda ngazi na brashi yake. "Ndiye aliyemleta bwana harusi."

Mama mkwe akainama, akapita chini ya kamba, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Mpake unga wote, mwanangu," alisema. "Wasije wakasema upande wetu tuna mkono wa birika."