Wenye Gia Uwanjani Bulabo

Magesa hakutaka makubwa. Alitaka kuziona zile baiskeli za gia zimesimama pamoja, na rafiki yake Tarsisi kando ya ile yake nyekundu, kabla macho hayajazima kabisa. Presha ya macho ilishalimaliza jicho la kushoto, na la kulia daktari alisema wasilitegemee. Mkewe Mbuke hakuhitaji kuambiwa na daktari. Ndiye aliyekuwa akimwekea kijiko mkononi.

Zilikuwa baiskeli za milima, matairi mapana yenye meno, gia za kubadilisha kwa kidole gumba. Wazungu wa mradi wa visima waliziacha walipoondoka, miaka ile Limi, kifungua mimba wao, bado ananyonya. Vijana wa Samuye waliozipata, Magesa na Tarsisi miongoni mwao, wakazipanda mpaka Rwamgasa kutafuta dhahabu. Dhahabu hawakuiona, wakarudi na vumbi na vicheko. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

"Tutakutana sikukuu ya Bulabo," alisema Magesa. "Siku ya ngoma nani anabaki nyumbani? Hata kuku wanakwenda."

Mbuke ndiye aliyepiga simu. Deusdedit, mwenzao aliyerejea Rwamgasa baadaye, alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, gurudumu moja linavuta kamba kwenye duara, shimo la wachimbaji, la pili sijui liliishia wapi. Nilete usukani?"

"Lete usukani, shemeji. Mkono mtupu haulambwi."

Tarsisi, anayekaa nyuma ya mlima, alisema, "Mwambie naipaka mafuta leo hii."

Pakabaki mahali pa kukutania, na hapo ndipo walipoharibu. Mageni, ningi wa Wagalu, yaani kiongozi wa ngoma yao, alipita pale kayani akasema kwa moyo mweupe, "Babu, njooni upande wangu. Nitawafungia turubai mkae kivulini." Magesa akapokea. Mbuke, binti wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, aliyezoea sikukuu za parokia ambako kivuli ni cha kila mtu, naye akashukuru.

Sasa, Bulabo si parokia. Makundi mawili, Wagalu na Wagika, hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, wakitazamana, na mshindi ni yule aliyejaza watu. Ukisimama kwake, umempa miguu yako. Magesa aliyajua hayo tangu utotoni. Alidhani tu kwamba urafiki wa gia umeizidi ngoma.

Siku ilipofika, Deusdedit alikuja kweli na usukani, ameufunga kwa kitenge kama mtoto. Wakakaa chini ya turubai, baiskeli ya Magesa kando yao. Tarsisi hakutokea.

"Mama Limi, tazama vizuri," alisema Magesa.

Mbuke akatazama. Ng'ambo ya uwanja, katikati ya Wagika, palikuwa na kitu chekundu. Akazunguka kwa nyuma, akipita kwa wauza miwa na karanga, mpaka akamfikia Tarsisi.

"Shemeji, mwenzio anakungoja."

"Namwona. Kakaa kwenye mtego wa Mageni." Tarsisi hakucheka. "Mjukuu wangu anacheza leo. Nikivuka na baiskeli hii, watu wote watanifuata wakidhani kuna jambo. Watasema nimemuuza mtoto."

"Haoni vizuri, Tarsisi. Mwakani hataona kabisa."

Tarsisi akainama. "Basi aje yeye. Nitamngoja hapa hapa."

Mbuke akarudi mbio, kanga mkononi. Magesa hakuuliza mara mbili. Akasimama, akashika baiskeli yake, wakaanza kuvuka. Hawakufika katikati.

"Babu anahama! Kala kivuli chetu anakwenda kwa Wagika!" Kijana mmoja akashika keria kwa nyuma.

"Niache, ng'wanawane, mwanangu. Nakwenda kumsalimia mtu."

"Kamsalimie kesho!"

Wakati huohuo Wagika wakatoa chatu wao wa kuvutia watu. Umati ukafumuka kama siafu, Wagalu wakakimbia kuuzuia, na Mbuke akamkumbatia mumewe ili asikanyagwe. Baiskeli ikaanguka, ikapitiwa na miguu isiyo na idadi. Vumbi lilipotulia, Wagika walikuwa wamesukumwa hadi upande wa makaburi. Chekundu hakikuonekana tena. Mbuke alipita akiuliza. Akaambiwa Tarsisi amebebwa na wajukuu, wamempeleka nyumbani asije akaumia.

Deusdedit aliinyanyua baiskeli ya Magesa. Ringi ya mbele ilikuwa imejikunja kabisa. Akaiegemeza kwenye nguzo ya turubai.

"Ya Tarsisi uliiona kwa karibu?" Magesa alimuuliza mkewe.

"Niliiona."

"Bado ina gia zake?"

Mbuke alifikiri kumdanganya. Ulimi ukakataa. "Hapana, baba Limi. Wamezing'oa. Wameichomelea keria ya chuma ya kubebea mkaa. Hata wekundu ni rangi ya juzi, ya mlango."

Magesa akageuza uso kuelekea mlimani, ingawa Mbuke alijua kwamba jicho lile halimwonyeshi mlima tena.

"Nyumbani ni upande gani?" akauliza.

Mbuke akamshika mkono.