Kiwanja cha Opereta

Siku ya kwanza Dobi alipokwenda kuiona ile nyumba, mwanamke aliyemfungulia geti alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, akasema, "Wewe ni wa kumi na moja." Kisha akageuka, akarudi ndani bila kumkaribisha.

Dobi alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Alifua mashuka na taulo za nyumba tatu za wageni, pamoja na makoti meupe ya zahanati moja, na kazi hiyo yote aliifanyia juu ya paa la ghorofa alilopanga. Sasa mwenye ghorofa alikuwa amempa barua: kamba zake zitoke kabla ya mwaka kwisha, paa linavuja. Kwa hiyo shemeji yake alipomwambia kwamba katikati ya jiji kuna kijumba kikuukuu kilichokaa kwenye kiwanja kikubwa kama uwanja wa shule, hakusubiri aambiwe mara mbili.

Huyo shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa dalali. Alikuwa na maneno matamu kiasi kwamba hata ukijua anakudanganya, ungetamani aendelee.

"Usitazame nyumba, shemeji," alimwambia siku ile huku akimshika kiwiko kumpitisha ubavuni. "Njoo uone nyuma."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu. Bati lilishashika kutu, milango imevimba, na sakafu nyekundu ya saruji imepasuka toka kizingiti hadi jikoni. Lakini nyuma kulikuwa na uwanja mtupu wenye nyasi, na kisima kilichofunikwa kwa chuma. Maghorofa yalikuwa yameuzunguka pande tatu, madirisha yakiuchungulia, na hata hivyo jua lilikuwa limeujaza wote. Dobi alisimama katikati akazihesabu kamba zake kichwani. Alifika kumi na mbili, na nafasi ilikuwa bado ipo.

Wenye nyumba walikuwa wawili, dada na kaka, wote wastaafu, na nyumba waliirithi kwa baba yao. Dada alikuwa akiunganisha simu katika hospitali kubwa, na mtaa mzima ulimwita Opereta. Kaka alikuwa karani wa mahakama, naye akabaki na jina hilohilo, Karani. Tangu wamzike baba yao, miaka tisa sasa, hawakuwa wamesemezana. Kila mmoja alikuwa na birika lake na kufuli lake, na jikoni waliingia kwa zamu. Karani alitaka kuuza hata jana. Opereta alikuwa hatii saini.

"Mwambie aliyeko jikoni," Karani alimwambia Dobi pale sebuleni, sauti juu, "kwamba mimi nauza."

"Mwambie aliyeko sebuleni," ilirudi sauti kutoka jikoni, "kwamba masikio ninayo, na saini ninayo vilevile."

Dobi alikwenda mara ya pili, ya tatu na ya nne. Kila safari Opereta alimpa kiti kibovu na neno bovu. Alimuuliza kama huko kwao hawapigi hodi. Alimwambia ananuka klorini. Safari ya tano Dobi alifika peke yake, viatu vimelowa, hana hamu ya kumnyenyekea mtu. Alimkuta Opereta mlangoni, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Haya, wa kumi na moja. Nyumba yangu umeionaje?"

"Mbovu, mama," Dobi akasema. "Bati limeoza na choo kinanuka. Mimi nataka uwanja."

Mkono wa Opereta ulisimama juu ya ungo. "Kwa hiyo utaivunja."

"Niivunje kwa nguvu zipi? Nitakaa humohumo na ubovu wake."

Yule mama akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Wenzako kumi wote waliisifu," alisema. "Kuna mmoja alisifu hadi dari, na dari haipo. Wewe angalau hunipaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Sikupendi, lakini nakuelewa. Lete hizo karatasi."

Dobi alirudi kwake akiwa kama amebebwa. Shemeji naye akasema karatasi atashughulika nazo yeye, kazi ya Dobi ni kufua na kufungasha.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, mikono ikiwa ndani ya beseni, simu yake ililia. Alikuwa Opereta.

"Nyuma ya nyumba yangu kuna mwanamume anapigilia vigingi. Ni wako?"

Dobi alikwenda na aproni yake mwilini. Alimkuta mpimaji amevaa buti za mpira, ameshavuta kamba ya njano kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kamba ilikuwa imeukata uwanja, na kisima kilikuwa upande wa pili.

"Nimetumwa na dalali," mpimaji alisema, wala hakuinua kichwa.

Dobi akampigia shemeji yake palepale. "Ah, shemeji, huo ni utaratibu tu," shemeji alimjibu, sauti laini. "Kiwanja lazima kipimwe kabla ya kuuzwa. Usinitilie shaka mimi."

Hakutaka kumtilia shaka. Ndiye aliyeshika jeneza la mumewe upande wa mbele. Akakata simu, akasema, "Anasema ni utaratibu."

"Nimesikia," Opereta alisema. "Na usidhani nimekuita kwa wema. Nimekuita kwa sababu mtu wako amekanyaga maua yangu." Akainama, akang'oa kigingi kilichokuwa karibu naye, akaingia nacho ndani.

Siku ya kutia saini walikutana ofisini kwa wakili, juu ya duka la vioo. Feni ilikuwa moja, viti vilikuwa vinne. Karani alikaa huku na Opereta kule, Dobi katikati kama ua wa mabati. Shemeji alisimama dirishani, shati limenyooka, akichezea funguo. Wakili alizisukuma karatasi mbele yao na kuwaonyesha kwa kalamu mahali pa kusaini.

"Yote ni ya kawaida," shemeji akasema.

"Nitasoma," Opereta akasema.

"Ni kurasa kumi na nne, mama."

"Nimesikiliza makelele ya watu miaka thelathini. Kurasa kumi na nne haziniui."

Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa ile sauti ya kazini kwake, kila neno limekatwa safi. Vifungu vya mwanzo vilipita. Karani alisinzia akazinduka. Kilipofika kifungu cha tisa, Opereta alipunguza mwendo.

"'Mnunuzi anakubali kwamba sehemu ya nyuma ya kiwanja, pamoja na kisima kilichomo, itahamishiwa kwa dalali, ikiwa ni malipo ya huduma yake.'"

Feni ilizunguka. Huko chini mtu alikuwa anakata kioo.

"Rudia," Dobi akasema.

Opereta akarudia, polepole zaidi.

"Shemeji," yule mwanamume alianza, akiondoka dirishani, "tusivuane nguo mbele za watu. Haya tutayazungumza nyumbani."

"Tuyazungumze hapahapa. Uliniambia ni utaratibu."

Utamu ulimtoka shemeji kama rangi mbaya inavyotoka kwenye kitambaa kipya. "Ukitaka hapa, basi hapa. Hizo pesa ni kiinua mgongo cha kaka yangu. Wewe uliolewa ukakuta, leo unabaki unamiliki. Mimi nina watoto wanne. Nikichukua kipande kwenye jasho la kaka yangu, kosa langu liko wapi?"

"Kiinua mgongo cha kaka yako kilikwisha kwenye dawa zake." Dobi aligeuza kiti, akamkabili. "Pesa hizi ni za mashuka. Miezi saba alilala wodini, wewe ulikuja mara mbili, na mara moja ulikuja kuazima pikipiki yake."

"Unanivunjia heshima."

"Ungeniomba kipande, ningekukatalia. Lakini tungebaki ndugu."

Wakili alikohoa, akasema yeye aliandika kama alivyoelekezwa. Dobi akamwambia basi aandike tena kama anavyoelekezwa sasa, kifungu cha tisa kisiwemo, na ukurasa ule wa zamani ampe yeye. Shemeji alizikusanya funguo zake. Mlangoni aligeuka.

"Ukifikwa na msiba, namba yangu usiitafute."

Mashine ya kuchapia ya wakili ilikuwa kuukuu, wakasubiri karibu saa nzima bila mtu kumtazama mwenzake. Nakala mpya ilipokuja, Karani, ambaye alishachoka kabisa, alijikuta anasema, "Haya, soma tena, usije ukasema tumekuibia." Alikuwa akimwambia dada yake, uso kwa uso.

Opereta aliinua macho juu ya miwani. "Usinitume," alisema. Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza kwa miaka tisa, na Dobi hakusikia mengine. Wakasaini wote watatu.

Dada na kaka walihama asubuhi moja, kila mtu na gari lake la mizigo. Karani aling'oa balbu zote pamoja na soketi zake. Opereta alichimba maua yake, shina baada ya shina, akaacha mashimo chini ya dirisha. Funguo alizitupa mezani. "Choo usikimwagie maji mengi," alisema, akapanda gari.

Dobi hakupokelewa vizuri na mtaa pia. Watu wa maghorofani walilalamikia moshi wa pipa lake la kuchemshia, na siku ya tatu mmoja alimwaga maji ya vyombo kutoka juu, yakaharibu mashuka kumi na sita. Aliyafua upya kimyakimya, kisha akasimama katikati ya uwanja na kuwaambia madirisha yote kwamba kesho atakayemwaga atapelekewa mashuka mlangoni ayafue mwenyewe. Hakumwaga mtu tena. Lakini upande wa wakwe simu zilikatika. Mtoto wa kwanza wa shemeji aliolewa, na Dobi akazipata habari kwa muuza sabuni.

Mwezi wa pili tangu ahamie, alikuja mama mkwe wake. Dobi alikuwa anaanika alipomwona amesimama nje ya geti, mkoba kifuani.

"Ingia, mama. Jua kali."

"Siingii. Nimekuja kukwambia kwamba umemfukuza mwanangu kwenye jasho la mwanangu."

Dobi alijifuta mikono, akaenda ndani kuuchukua ule ukurasa. Macho ya mzee yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo akamsomea kifungu cha tisa kupitia nondo za geti, neno kwa neno. Mama mkwe alisikiliza akiwa amekaza taya.

"Mimi hakuniambia habari za kisima," alisema.

"Hakuniambia na mimi."

"Hata hivyo. Ni mwanangu, na mwingine sina tena. Ungemwachia."

"Nimwachie kisima, mama? Halafu nifue kwa mate?"

Mdomo wa yule mzee ulitaka kucheka, akauuma. Akageuza uso akatazama barabara. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Nipe maji ya kunywa," alisema. "Lakini ndani siingii."

Dobi alimpitishia kiti juu ya geti, kisha glasi ya maji, kisha nyingine. Mama mkwe akakaa huko nje, mgongo kwa nyumba, akinywa taratibu. Dobi akarudi kwenye kamba zake. Mzee alipoondoka hakuaga, na glasi aliiacha juu ya kiti. Dobi alimalizia shuka lililobaki mkononi, akalibana vizuri, ndipo akaenda kukichukua kiti.