Vijana Wamerudi Sebuleni

"Mimi nikikaa kwenye kona, hata buibui husahau kwamba nipo," alisema, na wenzake katika ofisi ya utafiti wakatazamana. Walimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia.

Bosi alimwangalia juu ya miwani. Alikuwa mama anayetia maneno kama chumvi, kidogo na mahali pake. Akamwambia haya, aende. Kazi yenyewe ilikuwa hii: kampuni ya viatu ilitaka kujua vijana wanatazama nini, wapi na saa ngapi, ili ijue matangazo yake iyapeleke kwenye simu au kwenye runinga. Haikutaka dodoso, maana kijana akipewa dodoso huandika anachodhani kitamfurahisha mwalimu. Ilitaka mtu akae nyumbani kwa watu siku saba, aone, aandike, asibadilishe kitu. Na miezi mitatu ya majaribio ya Redio ilikuwa inaisha wiki hiyo hiyo. Ripoti ikisimama, angepata ajira. Ikianguka, angeanguka nayo.

Nyumba aliyopangiwa ilikuwa ya mama mshonaji. Cherehani ilikaa dirishani, makochi yalivikwa mabaki ya vitambaa vya wateja, na runinga iliwashwa saa kumi alasiri tu, kwa ajili ya tamthilia ambayo mama aliisikiliza zaidi kuliko kuitazama. Watoto walikuwa wawili, nao walikuwa likizo. Mkubwa aliitwa Kimya. Hedifoni zilikuwa zimekaa masikioni mwake muda mrefu hata ungedhani amezaliwa nazo. Mdogo, msichana wa miaka kumi na mitano, aliitwa Sindano, na jina hilo hakulipata kwa kushona.

Alhamisi, siku ya kwanza, Redio aliandika kurasa sita safi. Kimya kibarazani na simu yake. Sindano jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Sebule tupu. Akajipongeza, akajiona mtafiti wa kutungiwa shairi.

Ijumaa saa kumi, tamthilia ilianza. Mwanamke mmoja alikuwa ameletewa barua na mama mkwe, na dunia nzima ilijua kuwa barua ni ya kughushi isipokuwa yeye. Redio akajikaza pale konani, daftari gotini. Kidole cha mwanamke kikafika kwenye mdomo wa bahasha.

"Dada, usifungue," Redio akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonya jirani kuhusu mbwa.

Kisha mama mkwe akajikwaa kwenye zulia, na Redio akacheka. Kicheko chake kilianza kama pampu ya maji inayokataa kuwaka: kikakohoa, kikanyamaza, watu wakakata tamaa, halafu kikashika. Kule kibarazani Kimya akatoa hedifoni ya sikio moja.

Jumamosi watoto wote wawili walikuwa kwenye kochi dakika tano kabla ya saa kumi. Jumapili mtafiti alipumzika, kama utaratibu ulivyotaka. Jumatatu akakuta vijana sita wamejipanga kwenye zulia, wanne wakiwa marafiki wa Sindano kutoka nyumba za jirani. Akawahesabu mara mbili. Watu wote walikuwa wakiimba kwamba vijana wamehamia kwenye simu, kumbe! Akaandika kwa herufi kubwa: VIJANA WAMERUDI SEBULENI. Vichwa alivihesabu vizuri sana. Nyuso zilikuwa zimeelekea wapi, hilo hakulijua, kwa kuwa uso wake mwenyewe ulikuwa kwenye runinga. Jumanne, vijana walipojaa tena, akamtumia bosi muhtasari, na kesho yake asubuhi akapita ofisini akitembea kama mtu aliyevumbua moto.

Bosi naye alikuwa na desturi yake. Hapokei ripoti kabla hajakalia kiti alichokalia mtafiti. Jumatano alasiri akaja, akaketi konani, Redio akahamia kwenye stuli karibu na mlango. Vijana sita wakaingia, wakaamkia, wakakaa. Tamthilia ikaanza.

Mbele ya bosi, Redio aligeuka jiwe. Mama mkwe akalia machozi ya mamba, Redio hakupepesa. Barua ya kweli ikaonekana ndani ya mto wa kitandani. Redio akameza mate, akatazama dari. Dakika kumi zikapita hivyo. Msichana mmoja akainuka, akanong'ona kwamba leo haina utamu. Wawili wakamfuata. Redio akaiona ajira yake ikitoka mlangoni kwa miguu sita.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tamthilia ikiendelea, akawatazama vijana badala ya runinga. Waliobaki walikuwa wanamtazama yeye, kama watu wanavyoitazama taa umeme ukikatika.

Akaelewa, na masikio yakamwaka moto. Akaelewa pia kwamba kicheko kimoja tu kingetosha. Walioondoka walikuwa bado uani. Wangesikia pampu ikiwaka, wangerudi mbio, na ripoti ingesimama kama mnara. Kicheko kilikuwa tayari kooni. Bosi alikuwa akisubiri, kalamu mkononi.

Redio akakimeza.

"Bosi, ule ugunduzi si kweli," akasema. "Hawakuja kutazama runinga. Walikuja kunitazama mimi."

"Ni kweli, shangazi," Sindano akadakia. "Hiyo tamthilia mimi hata jina silijui. Kaka huyu ndiye tamthilia. Nina vipande vyake vinne humu kwenye simu, marafiki zangu wanasubiri cha tano, na leo ametuharibia kabisa."

Akampa bosi simu. Bosi akatazama kipande cha kwanza, akaomba kirudishwe nyuma kidogo. Pampu ikakohoa ndani ya simu. Mabega ya bosi yakaanza kutikisika, miwani ikamshuka hadi ncha ya pua, akaiacha huko huko. Alipopata pumzi akawauliza vijana kama kuna watu wengine wanaowatazama hivyo. Kimya, ambaye kwa siku saba hakuwa ametamka neno, akaeleza kwa utulivu kwamba hata mpira hautazami siku hizi; humtazama mtu anayetazama mpira.

Bosi akachukua muhtasari, akapiga mstari juu ya zile herufi kubwa, akamsogezea Redio kalamu.

"Andika alichosema kijana huyu. Na kesho uje na vyeti vyako, watu wa ajira watavihitaji."

Furaha ikamfungua Redio ulimi. Akaanza kumfafanulia bosi kwamba, kusema ukweli, tamthilia yenyewe hakuwa akiifuata. Ile ilikuwa mbinu ya kitaalamu ya kuwachangamsha watafitiwa, na mtu makini hawezi kushikwa na mambo ya barua na mama mkwe.

Cherehani ikasimama. Mama mshonaji akakata uzi kwa meno.

"Mwanangu," akasema, "Jumapili si ulinipigia simu nikusimulie kipande ulichokikosa? Nikakwambia nina mteja, ukasema utangoja hewani. Na ukangoja."