Zahanati Iliyojifunza Kueleza Watu

Asubuhi ile kompyuta iliyotundikwa juu ya dirisha la dawa iliandika: Mgonjwa@5e9f, subiri. Bi Kicheko akajua ndiye yeye, kwa kuwa hapohapo pua ilimfutika. Macho na mdomo vilishakwenda siku za nyuma, kila ilipomwandika hivyo. Uso ukabaki laini kama yai lililomenywa, ila kuona aliona, na maneno hayakumpungua. Yake hayakuwahi kungoja mdomo. Benchi zima walikuwa hivyo, na foleni iliheshimiwa.

Nyumbani mumewe alimkaribisha kwa adabu, kama mgeni, akamtengea kiti kizuri. Hilo halikumuudhi hata kidogo. Lakini kitukuu wake, mtoto wa kubebwa, alimkataa, akalia mpaka akakauka sauti. Hilo lilimchoma.

Akarudi zahanati kwa binti aliyeitengeneza programu ya kompyuta ile, aliyepewa ofisi kwenye chumba cha mifagio.

"Mwanangu, mashine yako imenila uso."

Binti akamwangalia. "Nisamehe, bibi. Inajua wewe ni kitu cha aina gani, na imekuweka wapi. Namna ya kukueleza sikuiandikia. Nilisahau."

"Basi andika. Umbo usinipunguzie. Miaka, ruksa."

Binti akacheka, akaandika mistari michache: kila kilichomo humo kijieleze kwa maneno yanayosomeka. Kompyuta ikaandika: Bi Kicheko. Goti la kushoto linamuuma. Ana mwanya. Humsema mumewe akilala.

Pua ikarudi, yakafuata macho, kisha mdomo na mwanya wake.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akupe mume asiyekoroma."

Benchini watu walikuwa wakipapasana mashavu na kushukuru. Kompyuta ikaendelea: Daktari. Hajafika tangu zahanati ifunguliwe.

"Aa," wakaitikia waliosoma. Muuguzi akaingia kukipangusa vumbi kiti cha daktari, kama kila siku, akatoka akasema, "Wanaofuata, subirini."

Bi Kicheko akarudi nyumbani akichechemea.

"Kumbe ni wewe?" mumewe akasema. "Nilishaanza kumzoea yule mgeni."

"Mwambie akupikie."

Kitukuu akamkodolea macho kwa muda, akanyoosha mkono, akaidaka pua, akaing'ang'ania. Bi Kicheko akambeba. Goti lilimuuma hata jasho likamtoka, na kiti kizuri kilikuwa palepale, lakini hakukaa. Alichelea mtoto asije akaiachia pua.