Bahari Ilipofika Lusangi

Régina aliloweka mihogo yake katika kidimbwi kilichoko mlangoni mwa pango, juu kidogo ya kijiji cha Lusangi, bara, mbali sana na pwani. Siku aliyokwenda kuitoa aliikuta ina chumvi, na kaa wawili wanatembea juu yake. Bahari ilikuwa imefika ndani ya pango. Asubuhi ilijaa hadi mlangoni. Mchana ilikupwa, ikaacha miamba imegandwa na chaza.

Watu walikuja na mabidoni kuteka maji, wakayachemsha wapate chumvi. Wazee walieleza kwamba humo ndimo watekaji wa watumwa walimofungia watu zamani, kabla ya kuwaswaga kwa miguu mpaka pwani. Huko nako waliwafungia katika pango lingine, la majabalini, kungoja merikebu. Bahari ilikuwa imefuata njia ileile kurudi.

Mchana mmoja, maji yakiwa yamekupwa, alitoka pangoni mwanamke kijana, nguo zimemlowa. Alimwuliza Régina njia ya kwao, akataja jina la baba yake. Lilikuwa jina la ukoo wa Régina.

“Kumbe uko dada ya babu yetu wa zamani,” Régina akasema. “Twende, mama. Utashikwa na baridi.”

Njiani hakumwambia kwamba yeye mwenyewe, baada ya kufiwa na mume huko Wamaza, alirudi kuomba shamba la baba yao la mtoni, na kaka yake Jean-Marie akamnyima.

Jean-Marie alimvutia mgeni kiti, akaagiza kuku achinjwe. Mgeni alikula, akanawa, kisha akasema:

“Baba aliniachia ile shamba ya mutoni. Kaka yangu akaniuzisha juu ya ile shamba, abakie nayo yeye. Sasa nimerudi. Munipe fasi yangu nilime.”

“Ni kweli, mama. Baba yetu alitusimuliaka ile habari,” Jean-Marie akajibu. “Lakini huku mwanamuke hapewi shamba. Ni vile tuliikuta.”

“Nani aliweka vile?”

“Kaka yako,” akasema kwa heshima, akamwongezea mchuzi.

Régina aliinuka. Alimshika mgeni mkono, akaenda kumtandikia mkeka chumbani mwake.

Mvua zilipoanza, jirani yao Naomie aliwaazima Régina na mgeni kipande cha shamba mlimani, mpaka mavuno tu. Kila asubuhi wanawake hao wawili walipita kando ya shamba la mtoni, majembe begani. Jean-Marie, akiwa humo analima, aliinua kofia.

“Mumeamuka, wamama?”

“Tumeamuka,” wakaitikia, wakaendelea kupanda mlima.