Jiwe la Mtandao

Filomena alitoka Kabuku akapanda Lutindi kumsaidia mama yake mkubwa kuvuna iliki. Kila asubuhi kwanza alikwea jiwe kubwa juu ya shamba, maana mtandao ulishika hapo tu. Aliangalia harusi za wenzake, nyumba zao, magari yao, kisha akashuka roho imemchafuka, na siku nzima hasemi na mtu. Mama mkubwa hakumuuliza kitu.

Leo chaji iliisha, simu ikamzimikia mkononi. Aliinua uso kwa hasira, na ukungu ukafunguka. Chini kabisa Mto Pangani ulimetameta, Korogwe nzima ungeifunika kwa kiganja, na ng'ambo yake nchi ya Handeni ilitandaa kwenye jua mpaka macho yakashindwa. Akaketi.

Mama mkubwa alifika na kikapu chake, akasimama kando yake, naye akitazama.

"Nimewaambia wenzangu kanisani," alisema taratibu, "mwanangu wa Kabuku amepapenda kwetu. Kila siku yuko jiweni, anaangalia."

Filomena aliificha simu chini ya kanga. Leo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuiangalia nchi hiyo.